Shule ni ya nani? Makanisa, serikali na deni la wale wanaosimamia masomo ya watoto wetu

Kila mara mwaka wa masomo unapokaribia, wazazi wanarudia swali moja: shule ya watoto wetu ni ya nani? Ukutani pameandikwa jina la mtakatifu, au la jumuiya ya Kiprotestanti, au la Wakimbangu. Mwalimu anapaswa kulipwa na serikali. Mtihani wa mwisho unatoka Kinshasa. Lakini mabati, madawati na chaki, mara nyingi vimenunuliwa kwa makuta ya wazazi. Kwa familia iliyohama swali linazidi uzito: shule ikikimbia pamoja na watu wake, nani anabaki na jukumu juu yake?

Katika nchi yetu, sehemu kubwa ya shule za umma haziendeshwi na serikali yenyewe. Zinaendeshwa na makanisa na jumuiya za dini kwa mapatano na serikali, ndiyo maana tunaziita shule za konvansyo. Juu ya direkta kuna macho mawili. Jicho la kwanza ni kordinasyo ya kanisa, inayopanga walimu na kuwasimamia. Jicho la pili ni serikali, kwa njia ya sudivizyo na inspekta. Swali la leo linahusu macho hayo mawili: yanatazama tu, au yanasaidia pia? Ili kujibu inafaa turudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Ardhi kwa shule: mapatano ya 1906

Tarehe 26 Mei 1906, Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II ilitia sahihi mapatano na Vatikano. Kila misioni ya Kikatoliki ingepewa ardhi bure, hektari 100 hadi 200. Nayo misioni ingefungua shule kwa ajili ya watoto Waafrika, programu ya masomo ionyeshwe kwa Gavana Mkuu, na ripoti zitolewe. Tayari mfumo wetu wa leo unaonekana hapo: mmoja anatoa ruhusa na kudai ripoti, mwingine anaendesha.

Huku mashariki wamisionari walikuwa wamefika kabla ya karatasi hiyo. Mapadri Weupe walikuwa Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, tangu 1885, na Kiswahili ndiyo lugha waliyotumia kufundishia. Katika mkondo huo wa shule alitoka Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongomani, aliyewekwa wakfu mwaka 1917.

Katika miaka ya 1920 Ubelgiji ilianza kutoa pesa kwa shule za misioni, na mwaka 1929 ikachapisha mpango wa masomo ambao shule zilizopata ruzuku zilipaswa kuufuata. Ukaja pamoja na kazi ya padri inspekta, mmisionari aliyezunguka katika shule za eneo lake kuona kama mwalimu anafundisha na kama watoto wapo.

Tusizipambe enzi hizo. Msimamizi alikuwa anachunga mambo ya koloni pia, na shule ililenga kutoa makarani, mafundi na wakristo watiifu. Pesa yenyewe haikumfuata mtoto, ilifuata bendera na dini. Misioni za Kikatoliki za Wabelgiji ndizo zilizopewa. Waprotestanti, ambao wengi walitoka Marekani, Uingereza na Uswidi, walifundisha kwa miaka mingi bila ruzuku, wakategemea sadaka za ng'ambo na nguvu za wakristo wa hapa. Mlango ulifunguliwa kwao baada ya Vita ya Pili ya Dunia tu, kati ya 1946 na 1948. Mwaka 1954 waziri wa makoloni Auguste Buisseret akaanza kufungua shule za serikali zisizo za dini, na ugomvi wa Wabelgiji juu ya shule ukahamia Kongo. Uhuru ulipofika 1960, watoto wengi walikuwa wamekaa darasa la kwanza na la pili, lakini Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakufika 30.

Serikali inachukua yote, kisha inarudisha

Mobutu alipoimarisha utawala wake, aligongana na Kanisa Katoliki. Mwaka 1972 ulikuwa ugomvi wa majina ya kikristo, na Kardinali Malula alisimama upande wa pili. Tarehe 30 Desemba 1974 ukatangazwa uamuzi mkubwa zaidi: shule zote ziwe mikononi mwa serikali. Somo la dini likaondolewa, siasa ya chama ikachukua nafasi yake.

Kilichofuata kina funzo kubwa. Serikali ilipata majengo, walimu na wanafunzi kwa siku moja. Lakini haikupata watu wa kufika shuleni, kujua mwalimu gani ni mgonjwa, paa gani limeng'oka, direkta gani anakula pesa. Kazi hiyo ya kila siku ilikuwa inafanywa na mtandao wa maparokia na jumuiya, na mtandao hautaifishwi kwa tangazo la redio. Baada ya miaka miwili tu, serikali ikawaita tena wenye makanisa.

Tarehe 26 Februari 1977 ikatiwa sahihi konvansyo ambayo bado ndiyo msingi wa shule zetu. Walioanza ni Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, na baadaye Waislamu na wengine wakaingia. Kazi ziligawanywa hivi. Serikali ndiyo inaruhusu shule kuwepo, inapanga programu, inalipa walimu, inatuma mainspekta na kutoa diploma. Kanisa linaendesha shule: linapendekeza na kupanga walimu na madirekta, linalinda nidhamu na mali, na somo la dini linarudi. Sheria ya elimu ya 1986 na ile ya tarehe 11 Februari 2014 zimeubakiza mgawanyo huo.

Mapatano yenyewe ni mazuri: mwenye hazina analipa, mwenye kuwa karibu na watu anaendesha. Ubovu uliingia pale mmoja alipoacha kutimiza sehemu yake.

Pesa inapopanda mlima

Katika miaka ya 1980, serikali ya Zaire ilibanwa na madeni na ikapunguza matumizi ya shule. Mshahara wa mwalimu ukaliwa na kupanda kwa bei mpaka haukutosha mfuko wa unga. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 migomo ilifunga madarasa nchi nzima. Hapo wazazi wakakubaliana na Kanisa kutoa pesa kidogo kila mwezi ili mwalimu asiondoke. Ndiyo primu, ambayo sote tuliosoma miaka hiyo tunaikumbuka: ukichelewa kulipa, unarudishwa nyumbani.

Primu iliokoa shule. Hilo ni kweli na lazima lisemwe. Wakati wa vita ya 1998 hadi 2003, nchi ilipokuwa imekatwa vipande na mshahara wa Kinshasa haufiki huku, madarasa ya mashariki yalibaki wazi kwa pesa ya wazazi na kwa subira ya walimu.

Lakini ofisi za juu nazo hazikuwa na pesa ya kazi. Sudivizyo haikupata karatasi wala mafuta ya pikipiki, na kordinasyo vilevile. Ikazoeleka kwamba sehemu ya pesa ya wazazi inapanda: kutoka shule kwenda kordinasyo, kutoka hapo kwenda jimboni, na nyingine kwa ofisi za serikali. Watu wa shule wanaiita vantilasyo. Ofisi iliyoundwa kusaidia shule ikawa inaishi kwa shule. Inspekta akifika, direkta anaanza kutafuta bahasha ya usafiri wake. Shule ya kijijini yenye njia mbaya na wazazi maskini haikuwa na cha kutoa, basi haikutembelewa. Na yule asiyetembelewa ndiye aliyehitaji zaidi.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, ilisema shule ya msingi ya umma ni ya lazima na ya bure. Septemba 2019 serikali ilianza kuitekeleza nchi nzima. Watoto waliokuwa nyumbani wakaja, na madarasa yakafurika. Kwa wazazi wengi ilikuwa furaha. Lakini primu ilipokatwa, walimu wengi walikuwa bado hawako kwenye orodha ya mishahara: wale tunaowaita NU, na wale wasiolipwa kabisa. Shule inaweza kuwa na arete ya waziri inayoitambua, na bado haijamekanizwa, yaani haimo kwenye mashine ya mishahara ya SECOPE, ambayo leo inaitwa DINACOPE. Shule kama hiyo ina ruhusa ya kuishi lakini haina chakula. Nani wa kufuatilia karatasi hizo? Mwalimu hawezi kuacha darasa aende Kinshasa. Hiyo ndiyo kazi ya msimamizi.

Mji mwingine, watu wengine waliohama

Jambo hili si letu peke yetu. Ndugu zetu wengi waliopelekwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi wanakuta huko shule ziitwazo za chata. Zinalipwa na pesa ya umma, lakini zinaendeshwa na bodi yake yenyewe, kwa mkataba wa miaka kadhaa. Juu ya kila shule kuna ofisi inayotoa mkataba, inayoikagua, na inayoweza kuifunga. Jimbo la Minnesota lilikuwa la kwanza kupitisha sheria hiyo, mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy, ilifunguliwa katika mji wa St. Paul mwaka 1992.

Huko nako swali la pesa inayopanda lilitokea. Katika jimbo la Ohio, sheria inaruhusu ofisi inayosimamia kuchukua hadi asilimia 3 ya pesa ya shule kwa kazi yake. Baadhi ya ofisi hizo zikawa zinauzia huduma shule zilezile zinazozikagua. Utamfungaje mteja wako? Mwaka 2015 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kubana biashara hiyo.

Lakini mfano unaotugusa zaidi ni wa mji wa New Orleans. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kilivunja kingo za maji, na karibu asilimia 80 ya mji ikafunikwa. Familia zikatawanyika katika majimbo mengine. Jimbo la Louisiana likachukua shule nyingi za mji na kuziweka chini ya ofisi moja, iliyozigeuza kidogo kidogo kuwa za chata. Wafanyakazi zaidi ya 7,000 wa shule za mji walipoteza kazi, kidonda ambacho wengi hawajakisahau.

Familia ziliporudi zilikuta kila shule ni kisiwa. Kila moja na fomu yake na tarehe yake ya kuandikisha. Mama aliyepoteza nyumba alizunguka mji mzima na watoto. Watoto wenye ulemavu walikuwa wanazungushwa, kwa kuwa hakuna shule iliyotaka gharama zao. Mwaka 2012 ofisi ya usimamizi ikaanzisha fomu moja kwa shule nyingi, na ikachukua mikononi mwake uamuzi wa kumfukuza mwanafunzi, ili shule isijiondolee mtoto mgumu kimyakimya. Matatizo hayakuisha, lakini kuna la kuokota: ofisi haikuingia darasani kumfundisha mwalimu kazi yake. Ilifanya zile kazi ambazo shule moja peke yake haiwezi kuzifanya.

Shule inayotembea

Turudi kwetu. Kivu na Ituri tunajua kitu ambacho vitabu vingi vya usimamizi havikukiwaza: shule inayohama. Kijiji kinakimbia, direkta anakimbia na rejista kwenye mfuko, walimu wanne kati ya kumi na wawili wanafika, na wiki mbili baadaye shule ile ile, kwa jina lile lile, inafundisha mchana katika jengo la shule nyingine ambayo inasoma asubuhi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hapa mwenyeji naye ana madawati machache, vyoo viwili, na watoto 80 darasani.

Kambi za kandokando ya Goma zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, watoto waliokuwa wamezoea darasa la turubai walitawanyika tena, wengine vijijini kwao, wengine kwa familia za kuwapokea. Mtoto wa namna hiyo akifika katika shule mpya anaombwa buletini. Buletini iliungua, au imebaki katika nyumba ambayo hakuna wa kuirudia. Mzazi anaambiwa arudi kesho, na kesho kutwa. Mwishowe mtoto anakaa nyumbani, au anauza maji barabarani.

Hapo ndipo tunaona msimamizi ni nani. Kama kordinasyo ina nakala ya orodha za wanafunzi wa shule zake zote, barua moja inatosha kumrudisha mtoto katika darasa lake. Kama sudivizyo imejulishwa kwamba shule fulani sasa inafanya kazi mahali fulani, walimu wake wanaweza kuendelea kuhesabiwa, na watoto wa darasa la mwisho wakaandikwa kwa mtihani. Kama hakuna aliyeandika chochote, shule inakufa kwenye karatasi huku watoto wakiwa bado wanasoma chini ya mti.

Msaada ni kitu gani?

Kutokana na historia hii, naona mambo manne ambayo shule ina haki ya kuyangoja kutoka kwa wale walio juu yake.

La kwanza ni kufika. Inspekta na mtu wa kordinasyo waende hadi shule ya mwisho wa barabara, wakae darasani, waseme na mwalimu juu ya somo lake, kisha waache maandishi ambayo direkta na wazazi wanaweza kuyasoma. Ziara inayoishia ofisini mwa direkta haimfikii mwanafunzi.

La pili ni kubeba karatasi. Arete, kumekanizwa, orodha ya NU, kumbukumbu za shule iliyohama: hizo zote zinahitaji mtu mwenye kujua milango ya jimboni na ya Kinshasa. Kordinasyo moja ikienda kwa niaba ya shule 40, gharama ni ndogo na sauti ni kubwa kuliko madirekta 40 wakienda mmoja mmoja.

La tatu ni kuunganisha shule. Shule yenye mwalimu mzuri wa hesabu imsaidie jirani yake. Inayopokea na iliyohama zikubaliane saa, madawati na usafi mbele ya msimamizi wao, kabla ugomvi haujaanza. Na ikiwa moja ni ya Wakatoliki na nyingine ya Waprotestanti, kordinasyo mbili zikutane. Mtoto aliyekimbia risasi asiulizwe dini yake ndipo apate kiti.

La nne ni mwanga juu ya pesa. Ofisi hizi zinahitaji pesa ya kufanya kazi, na serikali ndiyo inapaswa kuzipa. Lakini pale ambapo senti yoyote ya mzazi inapanda juu, katika sekondari au kwingineko, kiasi chake kibandikwe ukutani, pamoja na kile ambacho shule inapata kwa pesa hiyo.

Tena msaada hauondoi ukali. Direkta anayeuza pointi au anayemsumbua mwanafunzi msichana lazima aondolewe, na msimamizi anayefumba macho kwa sababu ni mtu wa parokia yake anaisaliti shule. Lakini ukali unasikilizwa ukitoka kwa mtu ambaye shule imemwona siku ya shida pia.

Wazazi, ninyi pia mna mahali pa kuketi. Kila shule inapaswa kuwa na kamati ya wazazi, na waliohama wana haki ya kuwa na mtu wao ndani yake. Katika mkutano wa kwanza wa mwaka ulizeni maswali matatu, bila hasira na bila woga. Inspekta au mtu wa kordinasyo alifika hapa mara ya mwisho lini, na aliandika nini? Walimu wangapi wa shule hii hawako kwenye orodha ya mshahara, na faili yao iko ofisi gani leo? Mtoto aliyekuja bila buletini anapokelewa kwa utaratibu gani? Majibu yaandikwe katika kitabu cha kamati, pamoja na tarehe, ili mkutano wa pili uanzie hapo.